Vidole Viwili vya Gome

Ukiuchuna mbuni wa kahawa gome ukauzunguka wote, haufi siku hiyo. Haufi hata mwezi huo. Majani yanabaki kijani, umande unatua juu yake asubuhi kama kawaida, na mwenye shamba anapita hapo na jembe lake begani bila kujua kwamba anapita kwenye msiba. Nimelifundisha jambo hili kwa miaka mingi mbele ya ubao, na kila mwaka nikifika sura ya tishu za mimea hasira hunipanda upya, mpaka wanafunzi hudhani nimeamka vibaya.

Mwenyewe nililijifunza nikiwa kidato cha pili, katika shule ya bweni iliyokuwa mbali na kwetu, safari ya siku nzima juu ya mizigo ya lori. Mwalimu wetu wa baiolojia aliingia darasani na mguu wa kuku mkono mmoja na kijiti kibichi mkono wa pili. Akasema mwili, uwe wa kuku au wa mti, ni chama cha ushirika: seli zinazofanana zinakaa pamoja na kufanya kazi moja, na hizo ndizo tishu. Darasa zima likacheka, maana miaka hiyo vyama vya ushirika vilikuwa vinakufa kimoja baada ya kingine, na kila mmoja wetu alikuwa na mzazi aliyerudi na magunia yake kutoka mlango uliofungwa. Mwalimu hakucheka. Akatumenyea kile kijiti. Gome la nje la kukinga, ndani yake njia inayoshusha chakula kutoka kwenye majani, kisha ute mwembamba unaoteleza, ambao ndio unaozaa seli mpya, kisha mti mgumu wenye njia ya kupandisha maji. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza. Usiku sikulala vizuri kwa kuyatafutia maneno ya nyumbani, kwa sababu nilijua kuna mtu atakayetaka kuyasikia.

Mtu huyo alikuwa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu. Alimaliza darasa la saba akingojea jina lake kwenye orodha ya waliochaguliwa, na jina halikurudi. Tangu hapo alikuwa akilima, lakini hakuacha kuuliza. Katika ukoo ule wote, ambamo msichana msomi alikuwa kitu cha kutaniwa kisimani, yeye peke yake alinisikiliza. Sisemi alinivumilia. Alinisikiliza, akinikatiza pale tu alipotaka nirudie.

Tulikaa vilimani, upande wa Mkumbi. Mama yangu alikuwa mtu wa pwani ya ziwa, wa Lituhi, na baada ya miaka ishirini ya ndoa bado watu walimwita pembeni "yule wa ziwani." Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Alituachia nyumba ya matofali ya kuchoma, mashamba ya ngoro, yale ya mashimo ya mtelemkoni, ya mahindi na maharage mbali kidogo, na mibuni mia mbili na kitu aliyoipanda kwa mkono wake kando ya barabara. Mibuni hiyo ndiyo iliyotuweka pale. Kwetu ardhi si ya mtu, ni ya ntambo, yaani kilima kizima cha ukoo kutoka mgongoni hadi kijitoni. Lakini kahawa ni ya aliyeipanda, na baada yake ni ya mjane wake. Kahawa ikiwa hai, hakuna wa kumwambia mjane asogee. Ikifa yote, ardhi inarudi kwa ukoo, na ukoo unaangalia upya nani apewe. Mama hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na mimi, na ile mibuni.

Likizo ile ya Desemba nilirudi na daftari langu, nikamkuta baba mdogo uani kwetu anachinja kuku wa Krismasi.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mama. Mwalimu umekuja? Leo tunasoma nini?"

Nikauchukua mguu wa yule kuku, nikauchana kidogo nyuma, nikatafuta kano jeupe na kulivuta. Vidole vya kuku vikajikunja kama vinataka kushika kitu. Baba mdogo alishtuka, akacheka hadi akakaa chini. Nikamweleza kwamba msuli ndio unaofanya kazi, kano ni tishu ya kuunganisha tu, inafunga msuli kwenye mfupa, yenyewe haina nguvu wala nia. Akaomba avute yeye. Alivuta mara nyingi kuliko mtoto yeyote ambaye nimewahi kumwonyesha, akiuliza, je ukivuta hili, je likikatika.

Mama alikuwa jikoni anamchambua mbasa mkavu aliyeletwa na ndugu zake kutoka Lituhi. Akatusikia. Akasema yeye hakuhitaji shule kujua kwamba nyama ya samaki imepangwa vipande vipande na katikati yake kuna kitu kinachoyeyuka kwenye mchuzi. "Hicho nacho kina jina?" Nikamwambia kina jina. "Basi ukile pamoja na jina lake," akasema, akanisukumia kipande.

Nilikuwa nimejaa sifa. Siku iliyofuata nikamwonyesha baba mdogo somo la mti. Nyuma ya jiko kulikuwa na mbuni mmoja mzee uliokuwa hauzai, mama alishasema ung'olewe. Nikaomba niutumie. Nikachukua kisu, nikapima vidole viwili kwa upana, usawa wa goti, nikachuna gome kuuzunguka mti. Majirani waliokuwa wakipita barabarani walisimama kuangalia, wakauliza kama huko bweni tunafundishwa kumenya miti. Wazee wa kwetu wanajua kwamba mti ukichunwa unakufa, ndivyo walivyosafisha misitu. Lakini mara nyingi jeraha hufunga na mti ukapona, nao wakasema mti una roho ngumu. Nikamwambia baba mdogo siri ya hiyo roho ngumu ni ule ute. Ukiuacha, unazaa gome jipya. Sharti uukwangue mpaka mti mweupe ukauke kabisa. Nikakwangua. Akachukua kisu naye akakwangua, kwa adabu, akipitisha kidole kuhakikisha hakuna palipoteleza.

"Sasa utakufa?"

"Utakufa polepole. Maji yanapanda kwa ndani, kwa hiyo majani hayajui kitu. Ila chakula hakishuki. Mizizi inakula akiba yake mpaka iishe."

Alitikisa kichwa, akautazama ule mti kwa muda. "Majani hayajui kitu," akarudia.

Nimejiuliza mara nyingi ni swali lipi lilikuwa la kwanza la wizi. Sidhani ni lile la Desemba. Napenda kuamini kwamba Desemba ile alikuwa mwanafunzi wangu kweli.

Mwaka uliofuata walikuja wanunuzi binafsi. Zamani kahawa ilikuwa na njia moja, unapeleka kwa ushirika na unasubiri. Sasa zilipanda pikapu mlimani na mizani nyuma, kila moja ikisema bei yake. Dawa ya mrututu tuliyozoea kupewa kwa mkopo ikawa haiji tena. Mibuni ya watu ikaanza kuugua, hapa chulebuni, pale mnyauko, na kila mti ulipokauka tulijua wa kulaumu: hakuna dawa. Mnunuzi mmoja kutoka mjini alitafuta mahali pa kujenga ghala kando ya barabara, na akamwahidi baba mdogo kuwa msimamizi wake iwapo atapata kiwanja. Kando ya barabara ni kwetu. Baba mdogo alimwomba mama kipande, mara moja tu, kwa upole. Mama akamjibu kwamba ile kahawa aliipanda kaka yake kwa mkono wake, na mkono huo haupo tena wa kupanda nyingine. Baba mdogo akacheka, akasema ni kweli shemeji, na hakurudia.

Nilirudi likizo ya Juni nikiwa kidato cha tatu. Ule mbuni wa jikoni ulikuwa umekauka juu, lakini chini ya jeraha yalikuwa yametoka machipukizi manne, manene, ya kijani kibichi. Baba mdogo alinipeleka kuyaona kabla sijaweka begi chini.

"Mwalimu, mbona umeshindwa? Huu haujafa."

"Juu umekufa. Chini kulibaki kipande cha shina, na shina la mbuni lina macho yaliyolala. Ndiyo yaliyoamka."

"Kwa hiyo mtu akitaka usichipue kabisa?"

Nakumbuka jinsi nilivyosimama, mkono kiunoni, kama mwalimu wangu. Nakumbuka nilivyofurahi kwamba swali lilikuwa zuri. "Achune chini ya udongo," nikasema, "pale shina linapoishia na mzizi unapoanza. Mizizi ya mbuni haina macho. Hapo haurudi."

"Chini ya udongo," akasema. Kisha akaniuliza habari za shule, kama chakula kinatosha, kama ninapata sabuni.

Baada ya mavuno ya mwaka ule, alimwambia mama kwamba mjane hawezi kubeba kila kitu peke yake, akajitolea kutandaza nyasi shambani ili udongo ushike unyevu. Alifanya kazi hiyo majuma mawili, peke yake, mti kwa mti. Mama alimpikia kila siku. Aliniandikia barua kunisimulia, akasema niseme asante kwa baba mdogo nitakaporudi, maana wapo ndugu wa mume wanaokula tu.

Mwezi wa Novemba ile mibuni ilichanua kuliko ilivyowahi kuchanua. Nilipofika Desemba bado watu walikuwa wanaizungumzia. Maua yalijaa matawi mpaka majani hayaonekani, na harufu yake ilifika kanisani. Mama alitoa sadaka ya shukrani, akapeleka ndizi na kuku, akasimama mbele ya watu akasema Mungu amemkumbuka mjane. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Na mimi ndiye niliyepaswa kujua. Chakula kikizuiwa kushuka hurundikana juu, na mti uliorundikiwa chakula juu hutoa maua kwa fujo. Tulikuwa tumesoma hilo. Niliimba pambio na baba mdogo akiwa benchi la mbele yangu, anaimba sauti ya pili.

Juni ya kidato cha nne nilikuta shamba la manjano. Buni zilikuwa nyingi lakini nyepesi, ukiziminya zinatoa ganda na maji. Majani yalikuwa yanadondoka bila upepo. Mama alikuwa amekonda. Alisema ni mnyauko, kila mtu alisema ni mnyauko, na baba mdogo alikuwa amekuja mara mbili kumpa pole.

Nilisema nitazame mizizi, kwa sababu mnyauko huacha rangi ya kahawia ndani ya mti. Nikaondoa nyasi, nikafukua kwa mikono. Kabla ya kufika kwenye mzizi kidole changu kiligusa uvimbe. Shina lilikuwa limevimba kulizunguka lote, mdomo mnene wa tishu laini ulioteremka kutafuta upande wa pili bila kuufikia. Chini ya uvimbe ule palikuwa na utepe wa mti mweupe mkavu. Nikaupima. Vidole viwili. Nikapitisha ukucha: umekwanguliwa vizuri, hakuna palipoteleza.

Nikafukua wa pili, wa tatu. Nilifukua mpaka kucha zikatoka damu, na kila mti ulikuwa na mkanda wake, usawa uleule, usafi uleule. Ilikuwa kazi ya mtu aliyefundishwa vizuri. Tuna methali ya kikulacho kuwa nguoni mwako. Sikujua kwamba nguo yenyewe niliifua na kuianika mimi.

Sikulia hapo. Nilikwenda kumwita mama aje aone.

Mama aliitisha baraza la ukoo. Wazee watano walikaa kwetu uani, na baba mdogo akakaa nao, koti lake la Jumapili mwilini. Niliruhusiwa kusema, jambo ambalo si la kawaida kwa msichana. Nilikuwa nimeng'oa mti mmoja na kuuleta. Nikawaonyesha uvimbe, nikawaonyesha mkanda, nikaeleza njia ya chakula na njia ya maji, na kwa nini mti ulichanua kabla ya kufa. Nikasema mnyauko hauna kisu. Nikasema mtu pekee niliyemfundisha kukata chini ya udongo ni baba mdogo, na ni yeye aliyetandaza nyasi.

Baba mdogo alisimama. Hakupandisha sauti. Aliwasalimu wazee mmoja mmoja, kisha akanitazama kwa huruma ile aliyonitazama nayo nilipofiwa.

"Wazee wangu, mwanetu ni msomi. Hayo aliyoyaeleza, nani mwingine hapa anayajua? Mimi ni darasa la saba. Sasa naomba mkumbuke: mti wa kwanza kuchunwa hapa ulichunwa na nani? Si mlipita barabarani mkaona?"

Wakaona. Niliwaona wakiona, mmoja baada ya mwingine.

"Mimi simlaumu," akaendelea. "Shule zao zinawatuma kufanya majaribio. Akajaribu mmoja, ukachipua, akataka kujua zaidi. Ni utoto. Naomba asiadhibiwe, na mama yake asimpige. Mimi kama baba yake nimemsamehe."

Amenisamehe. Mbele ya watu, amenisamehe. Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo mikono yangu hukunja vidole yenyewe.

Nilipiga kelele kwamba nilikuwa bweni, kwamba mtu hawezi kuchuna miti mia mbili akiwa bweni. Mzee mmoja akaniambia kwa upole kwamba hapa hatupigi kelele. Mwingine akauliza kama sikuwahi kuja likizo. Wakajadili, kisha wakasema kahawa imekufa, aliyeiua Mungu anamjua, na mila haiulizi imekufaje: ardhi ya kando ya barabara inarudi kwa ukoo. Mama atabaki na nyumba na ua wake, maana jikoni uko mbuni mmoja hai. Ule niliouua mimi. Baba mdogo hakuuhangaikia ulipochipua, kwa sababu uko nyuma ya jiko, si kando ya barabara.

Watu walipoondoka mama alifagia ua wote, mpaka pale ambapo hapakuwa na uchafu. Kisha akaweka ufagio, akaniuliza akiwa amenipa mgongo.

"Ulimfundisha?"

"Nilimfundisha, mama."

Akaokota tena ufagio. Nilidhani imetosha.

"Na ile mingine. Hukuigusa wewe?"

Nilimjibu hapana, na akasema anajua, na najua kwamba alijua. Lakini aliuliza. Baba mdogo alininyang'anya shamba la baba yangu, nalo shamba nimelizoea kutokuwa nalo. Lile swali la mama sikulizoea, na hatukulizungumza tena mpaka alipofariki.

Ghala lilijengwa, lenye mabati mapya. Misimu michache baadaye yule mnunuzi alihamia kwingine, likabaki la mbuzi. Baba mdogo amezeeka. Nikienda nyumbani nampitia na kumwamkia, kwa sababu shikamoo haimsubiri mtu astahili. Ananijibu, "Marahaba mwalimu," na sasa si utani tena, ni kazi yangu. Hajawahi kusema lolote. Mara moja tu aliniuliza siku hizi shuleni tunasoma nini, nami nikamwambia nimechelewa gari.

Nafundisha karibu na ziwa, kwa upande wa mama. Mwaka jana, katika sura ile, nilichora shina ubaoni, nikachora mkanda usawa wa goti, nikaeleza kwa nini majani hayajui kitu. Msichana mmoja wa benchi la nyuma, ambaye huwa hasemi, alinyoosha mkono. Alikuwa ameshaandika swali lake kwenye daftari ili asikosee.

"Mwalimu, na ukiukata chini ya udongo, utachipua?"

Swali zuri. Nilikuwa nimengoja mwaka mzima mtu aulize swali kama hilo, kama kila mwalimu anavyongoja. Alikuwa amenitazama moja kwa moja, mdomo wazi kidogo, akisikiliza kweli.

"Sijui," nikamwambia.

"Tunaweza kujaribu, Mwalimu? Pale kwenye miti ya nyuma ya bweni?"

"Nimesema sijui. Kaa chini."

Akakaa. Niliendelea kuandika ubaoni, na nilipogeuka nilimwona ameinamia daftari lake, anafuta lile swali kwa kifutio, taratibu, mpaka karatasi ikawa nyeupe.